Maiti Begani, Neno Kooni

1

Asubuhi ya mazishi ya Mzee Pazi Dibwe, Kauli ilitangaza kwamba bonde lote la Mtumbwini lingekuwa na jua la wastani na upepo wa heshima. Ndivyo ilivyosema, upepo wa heshima. Kauli ni mashine tu ya serikali ya kutangaza hali ya hewa, lakini ilifundishwa kusema na watu wa itifaki, kwa hiyo hata kimbunga ikikitaja hukitaja kama mgeni rasmi.

Luhende Kapela aliisikia akiwa kibandani kwake, kibanda chenye kibao cha MSHAURI WA HALI YA HEWA, ANA LESENI. Kanzu ya kwendea mazishini ilikuwa imeshapigwa pasi. Simu ilikuwa mkononi, nayo ilikuwa inasema mengine kabisa.

Huko juu kwenye milima ya Uluguru, inakoanzia mito, Luhende alikuwa amefunga vipimo vyake mwenyewe kwenye mawe, vidude vya mviringo kama maboga, kazi yake kupima kina cha maji na kumletea habari. Boga la kwanza lilisema maji yamepanda. La pili likasema yamepanda kuliko alivyowahi kuyaona tangu aanze kazi. La tatu halikusema neno. Na katika kazi hii, kipimo kikinyamaza ndipo mtu anapotafuta viatu, maana kimeshachukuliwa na kile kilichokuwa kinakipima.

Akapiga hesabu. Maji yale yangefika Mtumbwini baada ya sala ya adhuhuri. Wakati huo kijiji kizima, wakubwa kwa wadogo, kingekuwa msibani kwa Mzee Pazi, na nyumba ya Mzee Pazi ndiyo iliyokuwa chini kuliko zote, mlango unatazamana na mto Ruvu kama majirani wanaodaiana salamu.

Akaipigia Kauli.

"Nimeviona vipimo vyako, Mshauri," ilisema Kauli kwa ile sauti yake ya mpokea wageni wa hoteli. "Nakubaliana navyo kabisa."

"Basi tangaza."

"Kauli ya leo imeshasomwa. Kuibadilisha kunahitaji kamati, na kamati hukaa Alhamisi."

"Maji yanakuja leo."

"Natambua. Nitaandika kwamba yamekuja bila taarifa."

Luhende akakata simu, akatukana, lakini alitukana kimoyomoyo, na sababu yake ilikuwa imebanwa chini ya kola ya shati.

Zamani kila mtabiri alikuwa akisema lake. Mmoja anasema mvua, mwenzake anasema jua, na mwenye harusi anakodi maturubai asiyoyahitaji. Wakubwa wakaona njia ya kumaliza ubishi huo si kuwafundisha watabiri, ni kuwafunga midomo. Ikapitishwa Sheria ya Kauli Moja. Tangu hapo mvua isiyotangazwa ikawa si mvua. Mkulima aliyesombewa shamba na mvua ya namna hiyo huandikwa kwamba alipanda vibaya. Na kila mshauri mwenye leseni hubandikwa kipenga shingoni, kidude kidogo kama kifungo cha koti, kinachosikiliza kila analosema. Akitoa onyo ambalo Kauli haijalitoa, kipenga hulia, na kikilia leseni imekufa hapo hapo, na mwenyewe huitwa kwenda kujieleza mbele ya watu ambao hawajawahi kulowa.

Luhende aliijua sheria hiyo kuliko walioitunga. Mkewe, Nyamizi, alichukuliwa na maji kwenye kijidaraja cha mtaa wao mjini, siku iliyotangazwa kuwa kavu. Cheti kikaandikwa ameteleza. Luhende akamuuliza afisa aliyekiandika, ameteleza juu ya nini. Afisa akajibu, juu ya uzembe wake. Na kwa kuwa msiba mkubwa ungekuwa sawa na kuyatambua yale maji, waliruhusiwa kuzika wakiwa watu wachache tu, haraka haraka, kabla ya chai ya saa nne. Mtani hata mmoja hakuja kumcheka Nyamizi. Mnyamwezi kuzikwa bila mtani ni kama mtu kuondoka kwenye nyumba ya watu bila kuaga, na Luhende alikuwa amekaa na fundo hilo miaka yote hiyo, halishuki wala halitoki.

Ndipo akahamia Mtumbwini, kwa Wazaramo, watani wake wa asili. Angalau huko angetukanwa na watu wanaomjali.

2

Sheria ile ilikuwa na tundu moja, na tundu hilo lilikuwa utani.

Katika miaka yake ya mwanzo, Kauli ilisikia Mzaramo mmoja akimwambia Mnyamwezi harusini, "Leo hutoki hapa mzima, tunakuzika na viatu." Ikapeleka magari mawili ya polisi. Bwana harusi akalala mahabusu. Nchi nzima ikacheka, wakubwa wakaona haya, jambo ambalo hutokea kwa nadra kama kupatwa kwa jua, na mafundi wakaamriwa kuifundisha mashine utani. Tangu hapo kipenga kikisikia Mnyamwezi na Mzaramo wanapashana, hukaa kimya na kungoja wamalize.

Kwa hiyo Luhende alitembea kwenda msibani na moyo mwepesi kiasi. Angewaambia ukweli kwa mdomo wa utani, nao wangepanda kilimani, na leseni ingebaki salama mfukoni.

Akamkuta Mzee Tosiri, mdogo wake marehemu, amekaa barazani na macho mekundu. Luhende akafanya kinachompasa mtani. Akaichukua kofia ya marehemu msumarini, akaivaa, akashika na mkongojo wake, akatembea mbele ya watu kama Mzee Pazi alivyokuwa akitembea, mguu mmoja unakwenda sokoni na mwingine unarudi nyumbani. Vilio vikachanganyika na vicheko. Hapo akapanda juu ya kinu kilichofudikizwa.

"Nyie Wazaramo, ngoma zimewaziba masikio," alisema. "Ruvu inakuja hapa leo, na haijala tangu jana. Atakayebaki bondeni baada ya adhuhuri ataoga na mamba. Bebeni watoto mpande kilimani."

Kipenga kilinyamaza kimya. Watu wakacheka mpaka wengine wakajishikilia kwenye nguzo.

"Mwacheni," alisema Mzee Tosiri, akijifuta macho kwa pindo la kanzu. "Mpagazi akikosa mzigo huumwa. Na huo mto ukija tutautandikia mkeka, tuupe na chai, tuuulize habari za Morogoro."

Luhende akawaambia hasemi kwa mchezo. Wakacheka zaidi, maana hicho ndicho kipande kitamu kuliko vyote, mtani anapokaza uso. Akawaapia, kofia ya marehemu ingali kichwani, na kipenga nacho kikahesabu kiapo kuwa utani. Wakapiga makofi. Akawatajia kina cha maji kwenye boga la pili, na bibi mmoja akasema kwa majonzi kwamba laiti Pazi angekuwepo, angefurahi sana, hajapata kutaniwa kwa hesabu.

Luhende akashuka kwenye kinu. Aliyaona sasa yale wakubwa waliyomfanyia. Walimwachia nafasi moja tu ya kusema ukweli, nayo ni ile ambayo ukisema ukweli hakuna mtu wa kuuamini. Angeweza kuvua kofia ya marehemu, akasimama kama mshauri, akasema neno lile kikavu. Alilihisi limekaa kooni kama mwiba wa samaki. Lakini leseni ndiyo iliyokuwa unga wake na kodi yake ya nyumba, na zaidi ya hapo ndiyo iliyokuwa kitu pekee duniani kilichosema Luhende Kapela ni nani. Akameza mate. Akaanza kutafuta njia ya kuzunguka.

3

Pembeni ya uwanja walikuwa wamekaa vijana wanne wa Kinyamwezi, wafyatua matofali, wateja wake, watu wa kumuuliza lini waanike na lini wafunike. Kuwaeleza asingeweza, maana wao ni ndugu zake si watani, na kipenga kingelia kabla hajamaliza. Akawanong'oneza neno jingine.

"Tuwaibie maiti."

Hawakuuliza kwa nini. Mtani kuzuia jeneza mpaka abembelezwe ni haki yake tangu enzi za misafara. Kukimbia nalo lilikuwa jambo jipya, lakini hakuna aliyekumbuka kama limekatazwa.

Baada ya sala, jeneza likatolewa. Wafyatua matofali wakasogea wakaomba heshima ya kulibeba wao kwanza. Mzee Tosiri akasema wapeni, kubeba ndio usomi wao. Wakalitia mabegani. Wakaenda taratibu, kwa adabu, mpaka njia panda, ambapo kushoto ni makaburini na kulia ni Kilima cha Mnara. Hapo wakashika kulia, wakatimua mbio.

Kwa muda mfupi waombolezaji walisimama tu midomo wazi. Kisha Mzee Tosiri akavua viatu, akavishika mkononi, akaanza kukimbia, na wanaume wote nyuma yake, kanzu zimepandishwa magotini, wanatukana Unyamwezi mzima kuanzia Tabora mpaka Nzega.

Luhende naye hakuwa amelala. Alijua maiti itawavuta wanaume tu, kwa sababu wanawake hawaendi makaburini. Kwa hiyo alizunguka uani, akachukua kanga akaikunja kata ya kichwani, akajitwika sufuria la wali wa msiba, lile la mpini mmoja, bado la moto, akapita nalo katikati ya uwanja bila kuangalia mtu. Watoto wakafuata sufuria. Kina mama wakafuata watoto. Kuna aliyesita kidogo, akauliza kama si mwiko, na shangazi wa marehemu akamkatiza akisema kuzikoni ndiko wasikokwenda, huku si kuzikoni, huku ni kwa mwizi.

Kilima kikaanza kujaa watu. Jeneza mbele, matusi katikati, wali nyuma. Luhende, shingo imezama mabegani na jasho linamwingia machoni, alihesabu nyuso alizozijua. Jirani wa kisimani yupo. Muuza vitumbua yupo, na mwenye baiskeli. Kisha akageuka, sufuria likayumba, akaangalia tena.

Bi Sihaba hakuwepo.

Bi Sihaba alikuwa mke wa marehemu, na mke wa marehemu amekaa eda. Mumewe angeweza kuibwa, kurudishwa na kuibwa tena. Yeye hatoki chumbani mpaka eda iishe.

Luhende alimtwika sufuria muuza vitumbua, akamwambia alinde, akateremka kilima kwa mbio ambazo umri wake ulikuwa umeshamnyima.

4

Alimkuta chumbani amejifunika shuka jeupe, na bikizee watatu wamemzunguka kumliwaza. Wote wanne wakamtazama kama mbwa aliyerudi na kiatu cha mwenzake mdomoni.

"Shemeji," alisema Bi Sihaba, "mume wangu yuko wapi?"

"Kilimani."

"Mrudishe. Utani una mpaka."

"Njoo umchukue mwenyewe, Bi Sihaba. Kama kweli ulimpenda. Au unaogopa mbu wa kule watakukuta huna nyama?"

Alikuwa anajaribu kwa mara ya mwisho. Bi Sihaba hakucheka. Nje, upande wa mto, bata walikuwa wamenyamaza, na kulikuwa na mlio kama wa lori linalopanda mlima mbali sana. Bonde lile halina barabara ya malori.

"Luhende," alisema, na hakuwahi kumwita hivyo, siku zote alimwita shemeji au mpagazi. "Tangu asubuhi unasema mto. Nimekusikia humu ndani. Siwezi kuvunja eda kwa mchezo, nitamjibu nini Mungu na nitamjibu nini Pazi. Niambie sasa. Ni utani au ni kweli?"

Luhende akalitazama lile shuka jeupe, na ndani yake akamwona mtu mwingine, mwanamke mwenye haraka, aliyekuwa akivuka kijidaraja na kapu la mboga siku iliyotangazwa kavu. Akavua kofia ya marehemu. Akaiweka kitandani.

"Si utani, Bi Sihaba. Ni mafuriko. Yatafika sasa hivi, na ukibaki humu utakufa."

Kipenga kikalia.

Kililia kwa sauti ambayo kidude kile hakikustahili kuwa nayo, kama mbuzi aliyekanyagwa mkia na gari moshi. Mmoja wa bikizee akaziba masikio. Leseni ya Luhende Kapela ilikufa hapo, chumbani kwa mjane, saa ambayo Kauli ilikuwa inatangaza upepo wa heshima.

Bi Sihaba alikisikiliza kidude kile kwa makini, kichwa ameinamisha, kama mtu anayesikiliza adhana.

"Hiki hakilii kwenye utani," alisema.

"Hakilii."

"Haya. Nimesikia."

Akasimama. Akawaamuru bikizee wavue kanga zao za juu, wazishike pembe kwa pembe, wamzungushie. Ikawa chumba kidogo cha kanga kilichosimama katikati ya chumba cha udongo. Kisha chumba kile kikatoka mlangoni, kikavuka uwanja, kikashika njia ya kilimani, miguu minane chini na ndani yake eda haijavunjika hata uzi, na nyuma yake Luhende, analia kama filimbi ya mwamuzi mwendawazimu.

5

Juu ya kilima pana mnara wa Kauli, uzio, na nyumba ya bati ya Afisa Kauli wa kata, Bwana Evarist. Wakubwa hawajengi bondeni. Huwaambia wengine kwamba bondeni ni salama.

Bwana Evarist alikuwa ameshakataa kufungua lango mara tatu, akidai kibali, lakini jeneza halisimami kusubiri kibali, na nyuma ya jeneza kulikuwa na watu ambao walikuwa wamekimbia juani bila kula. Kilipofika kile chumba cha kanga, lango lilikuwa limeshalala chini, na Mzee Tosiri alikuwa amemkamata mfyatua matofali mmoja ukosi, mkono umeinuliwa na kiatu ndani yake.

Mkono haukushuka. Mtu mmoja alisema tazameni, na wote wakatazama.

Ruvu haikuja kwa mawimbi. Ilikuja kama mtu anayevuta shuka kitandani, kahawia, bila haraka, kutoka ukingo huu wa bonde mpaka ule. Makaburi yakaingia ndani. Kinu kile kikaelea, kikazunguka kidogo, kikaondoka. Nyumba ya Mzee Pazi ikasimama kwa muda, paa tu linaonekana, kisha ikainama upande wa ule mguu wa Pazi uliokuwa ukirudi nyumbani, na kwenda.

Cha kwanza kusema kilikuwa kipaza sauti cha mnara, juu ya vichwa vyao, kikiwatakia wakazi wa Mtumbwini mchana mwema na mkavu.

"Bwana Afisa," alisema Mzee Tosiri polepole, "yale ni nini?"

Bwana Evarist akakohoa. Akaeleza kwamba yale maji bado hayajatambuliwa.

"Na wale kuku wanaoelea, wao wametambuliwa, au nao wangoje Alhamisi?"

Afisa akamgeukia Luhende, mtu pekee pale aliyekuwa chini ya mamlaka yake, akamwarifu kwa sauti ya kushindana na kipenga kwamba leseni imefutwa na kwamba atapelekwa kujieleza. Luhende akamwomba basi angalau akizime kidude kile. Bwana Evarist akaona haya kidogo. Kukizima nako kulihitaji kamati.

Walimzika Mzee Pazi pale pale, ndani ya uzio wa serikali, akawa Mzaramo wa kwanza wa Mtumbwini kupata kiwanja cha mlimani bila kutoa kitu. Wali ukaliwa. Bi Sihaba akajengewa kibanda cha maturubai, akaendeleza eda yake, na humo ndani akamwita Luhende aje akae nje ya pazia. Kipenga kilikuwa bado kinalia. Watu walikuwa wameshaanza kukizoea, kama mtoto wa jirani.

"Shemeji, nakushukuru," alisema Bi Sihaba. "Sasa nikuulize. Neno lile uliloniambia chumbani, ulikuwa nalo tangu asubuhi?"

"Nilikuwa nalo."

"Na ungelisema barazani, kikalia hicho kitu mbele ya watu wote, tungekuamini."

Luhende hakuwa amelifikiria hilo. Kweli kabisa hakuwa amelifikiria. Siku nzima alikuwa akikimbia ule mlio, na ule mlio ndio uliokuwa shahidi wake.

"Umebebesha vijana maiti ya watu mlima mzima," alisema Bi Sihaba, "ili usibebe neno moja."

Luhende angeweza kusema ni wakubwa, na ingekuwa kweli, wao ndio waliolifanya neno lile liwe zito kuliko mtu mzima na jeneza lake. Lakini hawakuwa wakubwa waliokuwa wamesimama juu ya kinu asubuhi ile wakimeza mate. Akainamisha kichwa, akaanza kumweleza, kupitia pazia, habari za Nyamizi. Kijidaraja. Cheti. Mazishi ya haraka yasiyo na mtani. Mzee Tosiri, aliyekuwa karibu anajifanya anatafuta kiatu, akasikiliza mpaka mwisho.

"Huyo shemeji yetu," aliuliza, "alikuwa anatembeaje?"

"Haraka. Kama anayefukuzwa."

"Na sokoni?"

"Akigombana na wauza nyanya. Alikuwa anazibonyeza zote, halafu ananunua moja."

Mzee Tosiri akasimama. Akamwomba bikizee mmoja kanga, akajifunga kiunoni, akachukua sufuria tupu akalikumbatia kama kapu. Akapita mbele ya watu mbio mbio, makalio nyuma, akibonyeza vichwa vya watoto mmoja baada ya mwingine na kukunja uso kwamba vyote vimeoza. Watoto wakapiga kelele za furaha. Akafika kwa Bwana Evarist, akambonyeza kichwa yeye pia, akafikiri sana, akasema hiki hata kwa bure hachukui.

"Nyamizi, mke wa mpagazi," alitangaza, "umekawia, lakini umefika. Wazaramo tunakucheka."

Na wakamcheka, kilima kizima, watu wasio na nyumba, wanawake wameshikana mabega, mpaka Bi Sihaba mwenyewe akasikika nyuma ya pazia. Luhende akacheka nao, na kucheka kukamgeukia njiani, machozi yakamshuka mpaka kidevuni. Ndipo alipogundua kwamba anaweza kusikia maji kule chini, na vyura, na watu wake mmoja mmoja.

Kipenga kilikuwa kimenyamaza. Kilikuwa kimesikia Wazaramo na Mnyamwezi wanapashana, nacho kilisubiri, kama kilivyofundishwa, wamalize.